Hivi Bastiat alifanikiwa nini hasa kwenye siasa za Ufaransa?

Mzizi Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikibishana na vijana wa uchumi mitandaoni, lazima mmoja anirushie jina la Frédéric Bastiat, tena analitaja kama anamtaja nabii. Nikaamua kumsoma mwenyewe, maisha yake na maandiko yake. Nimebaki na swali.

Mtu kazaliwa Bayonne mwaka 1801. Karibu nusu ya maisha yake kaishi Mugron, mji mdogo wa Landes kule kusini-magharibi, analima, anaamua kesi ndogondogo na kusoma vitabu. Paris wanalisikia jina lake mwishoni mwa 1844, akiwa na miaka 43. Desemba 1850 ameshakufa. Yaani shughuli yake yote ya kitaifa ni miaka sita. Alianzisha chama cha biashara huria, kikafa. Akahariri gazeti la chama, likafa. Akaingia bungeni, hakuna sheria kubwa yenye jina lake. Uwaziri hakuugusa. Halafu leo Wamarekani wanamtaja kuliko Wafaransa wenyewe.

Dai langu ni hili: alikuwa mwandishi wa magazeti mwenye kipaji kikubwa mno. Uchumi na siasa vilikuwa pambo. Nipingeni kwa hoja, matusi pelekeni jukwaa la mpira.

Chawa wa Bajeti

Naweka kiti mbele kabisa.

Msomi wa Jioni

Mzizi Mkavu, umetanguliwa. Mchumi Joseph Schumpeter, kwenye kitabu chake cha historia ya uchambuzi wa uchumi kilichotoka 1954, alisema hamwoni Bastiat kuwa mnadharia mbaya, anamwona si mnadharia kabisa. Akaongeza kwamba kama angeishia kwenye vijitabu vyake vifupi, angekumbukwa kuwa mwandishi wa habari za uchumi hodari kuliko wote waliowahi kuishi. Kilichomponza kwa maoni yake ni kitabu cha mwisho, Harmonies économiques, alipojaribu kujenga nadharia kubwa. Marx naye mwaka 1873 alimshambulia kama mtetezi mwepesi kuliko wote wa uchumi wa kibepari. Watu wawili wasiokubaliana katika mengi wamekutana hapo.

Lakini kuiita siasa yake pambo, hapana mkuu. Bunge la Katiba la 1848, baada ya mapinduzi ya Februari yaliyomwondoa mfalme, lilimchagua makamu mwenyekiti wa kamati ya fedha, likamrudisha tena na tena. Na huo ndio mwaka hazina ilikuwa imekauka, serikali ya muda imepandisha kodi za moja kwa moja kwa senti 45 juu ya kila faranga, wakulima wanataka kuwala watoza kodi wabichi. Kiti kile hakikuwa cha kupiga picha.

Kobe wa Tanga

Huyu si yule mwenye viwanda vya nguo aliyetaka mipaka ifunguliwe ili auze nje? Bepari akitetea mfuko wake. Kesi imefungwa.

Binti Forodha

Kobe, umeigeuza hadithi miguu juu. Wenye viwanda vya nguo ndio waliokuwa maadui zake wakubwa. Kule kaskazini, Roubaix, kulikuwa na Auguste Mimerel na kamati yake ya kutetea "kazi ya taifa", wana fedha, wana gazeti, wana wabunge. Bastiat alikuwa yatima tangu ana miaka tisa hivi, kalelewa na babu na shangazi. Alisoma shule ya Sorèze akatoka bila kumaliza, akaingia kwenye biashara ya familia Bayonne. Babu alipofariki 1825 ndipo akarithi shamba la Mugron, hekta kama 250.

Na hata kilimo hakikumkubali. Alitaka mbinu mpya, kupokezanisha mazao na kadhalika, lakini wakulima waliokuwa wakigawana naye mavuno walimsikiliza kwa heshima kisha wakaendelea na ya babu zao.

Kobe wa Tanga

Kwa hiyo mwenye ardhi, si mwenye kiwanda. Bado bepari 😀

Nyundo ya Saa Sita

Kobe kakosea kiwanda, ila kanusa mahali penyewe. Eneo lile lote ni zabibu na mvinyo. Ushuru wa Ufaransa dhidi ya bidhaa za wageni uliwafanya wageni nao waubane mvinyo wa Kifaransa, na ndani ya nchi kulikuwa na kodi za vinywaji zilizochukiwa kupita kiasi. Kabla hajajulikana Paris, Bastiat alikuwa tayari ameandika kuhusu kodi na mizabibu, mwaka 1841. Na chama cha kwanza cha biashara huria nchini kilianzia wapi? Bordeaux, Februari 1846. Mji unaoishi kwa mvinyo na bandari!

Kwa hiyo tusimfanye malaika. Wa kaskazini walitetea pamba na chuma chao, wa kusini-magharibi walitetea chupa zao. Yeye alijaliwa kalamu tu.

Msomi wa Jioni

Hoja nzuri Nyundo, ila haielezi kila kitu. Bastiat hakuomba mvinyo upewe ruzuku. Angetaka maslahi ya Landes tu, njia rahisi ilikuwa kupatana na wa kaskazini: nyie mlindwe pamba, sisi tulindwe mvinyo. Wengi walifanya hivyo. Yeye aliandika kupinga ulinzi wa aina zote.

Nyundo ya Saa Sita

Mkuu, mvinyo wa Bordeaux ulindwe dhidi ya nani? Mvinyo wa Uingereza?

Chawa wa Bajeti

😂😂 Msomi anywe maji kwanza.

Kasuku wa Bandari

Nimefanya kazi chumba cha habari kwa muda mrefu, kwa hiyo naunga mkono upande wa uandishi, lakini kwa sababu tofauti na ya mwanzisha uzi. Angalieni alivyoanza.

Pale Mugron kulikuwa na klabu ya mji, watu wanakutana kusoma magazeti na kubishana. Siku moja, wanavyosimulia walioandika maisha yake, mtu mmoja akaja amefura na gazeti la Paris: waziri mkuu wa Uingereza, Robert Peel, eti amesema bungeni kwamba nchi yake ikifuata njia fulani itashuka daraja la pili "kama Ufaransa". Klabu nzima ikawaka. Bastiat alikuwa amejiandikisha kupata gazeti la London. Akalifungua. Maneno "kama Ufaransa" hayakuwemo. Yaliongezwa kwenye tafsiri.

Mwingine angeshinda ubishi akarudi kula. Yeye akaendelea kulisoma lile gazeti, akagundua kwamba Uingereza kuna vuguvugu zima la Richard Cobden dhidi ya sheria za nafaka (zile za kutoza ushuru nafaka ya kigeni), mikutano ya hadhara, michango, vipeperushi, na magazeti ya Paris yalikuwa karibu kimya kabisa. Oktoba 1844 makala yake ndefu kuhusu ushuru wa nchi hizo mbili ikatoka kwenye Journal des économistes. Paris wakaulizana huyu nani. Mwaka uliofuata akavuka kwenda London kuonana na Cobden, na akatoa kitabu kizima cha kulitangaza vuguvugu lile kwa Wafaransa.

Hiyo kwangu ni kazi ya mwandishi wa habari katika ubora wake. Aliona habari iliyofichwa akaileta mezani. Sasa Mzizi Mkavu, ukisema "mwandishi tu", hiyo "tu" inatuuma wengine.

Mzizi Mkavu

Kasuku, nimesema mwenye kipaji kikubwa mno. Mnataka niwapambe na maua?

Fundi Vioo

Habari zenu. Jina langu linajieleza, na nimeingia hapa kwa sababu huyu mzee amenitaja mimi. Kuna mwanangu aliniletea ile habari ya dirisha. Mtoto wa mwenye duka amevunja kioo, jirani wanamfariji baba: usijali, mafundi vioo nao wale nini? Bastiat anasema hapana, zile faranga sita alizonilipa mimi angenunulia viatu, kwa hiyo fundi viatu kakosa, na mwenye duka amepoteza kioo bure.

Nakubali. Ila nauliza: kama yule mwenye duka zile faranga sita kazifukia chini ya godoro, si afadhali mimi nimekula? Mtaani kwetu mwenye pesa hanunui viatu vipya kila akibakiza chenji. Anaficha. Hasa mwezi wa Januari.

Msomi wa Jioni

Fundi, umeuliza swali ambalo wachumi waliligombania karne nzima baadaye. Kuna wanaosema fedha ikilala na mafundi wakilala, kuvunjika kwa kioo kunaamsha watu. Wafuasi wa Bastiat watakujibu kwamba hata hivyo kioo kimepotea, na kilichowekwa leo kitatumika kesho, ama kimekopeshwa mtu mwingine. Bastiat mwenyewe ana sura ya akiba kwenye kijitabu hicho hicho cha dirisha, anayosema anayeweka akiba naye anaajiri, ila haonekani.

Kijana wa Darasa

Mfano wa dirisha aliutoa bungeni mwaka 1848 akipinga matumizi ya serikali.

Binti Forodha

Hapana. Umo kwenye kijitabu cha Ce qu'on voit et ce qu'on ne voit pas cha Julai 1850, miezi michache kabla ya kufa. Tena kile kijitabu kina mkasa wake. Mswada wa kwanza ulipotea akihama nyumba. Akauandika upya, akaona ni mzito mno, akautia motoni. Kilichotufikia ni cha tatu. Cha bungeni unachokifikiria labda ni makala yake kuhusu dola ya Septemba 1848 kwenye Journal des débats, ile yenye sentensi inayobandikwa kila mahali kwamba dola ni ile hadithi kubwa ya kubuni ambayo kwayo kila mtu anajaribu kuishi kwa gharama ya kila mtu.

Mle mle kwenye kijitabu cha 1850 kuna sura ya Algeria ambayo mashabiki wake wa leo wanairuka. Anapinga hazina kumwaga fedha kupeleka walowezi kule. Hoja yake ni ya mlipa kodi wa Ufaransa aliyekamuliwa, Waalgeria wenyewe hawana nafasi kubwa ndani yake. Msome kwa macho mawili.

Mama Mitumba

Jamani hodi. Mnazungumza ushuru wa Wafaransa mnatuacha sisi. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke hadi 2019 ili viwanda vya nguo vifufuke. Rwanda ndiyo iliyokaza kwa kupandisha ushuru, na 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya AGOA, ya kuuza kwao bila ushuru, kwa nguo zake. Huyo Bastiat wenu angesimama na nani? Maana mimi nimesomesha watoto kwa robota.

Nyundo ya Saa Sita

Angesimama na wewe mama, bila kusita. Angeandika ombi la watengeneza mishumaa. Hulijui? Oktoba 1845 aliandika barua ya kejeli kwa wabunge: wenye viwanda vya mishumaa na taa wanaomba ilindwe sekta yao dhidi ya mshindani wa kigeni anayeuza mwanga bei ya bure. Mshindani ni jua. Wanaomba sheria ya kuziba madirisha, mapazia na kila tundu, na wanaorodhesha ajira zote zitakazopatikana kuanzia wafuga ng'ombe wa mafuta hadi wavua nyangumi. Utacheka peke yako.

Jua Kali KE

Kucheka ni rahisi ukiwa huna kiwanda. Nyangumi hawakuwa na chama cha wafanyakazi. Lakini kama kila nchi ingengoja jua la wengine, nani angejifunza kutengeneza taa? Mjerumani Friedrich List alikuwa amekwisha kuandika 1841 kwamba nchi changa inahitaji kulea viwanda vyake kwanza. Bastiat hajamjibu vizuri mpaka leo.

Msimamizi

Mada ya mitumba na AGOA ina uzi wake, hamieni huko. Hapa turudi 1848.

Mama Mitumba

Sawa baba. Nimewaachia salamu.

Mwana wa Jang'ombe

Mie naona mnamuonea kwenye siasa. Hebu tazameni kura zake badala ya kuhesabu sheria. Alikaa upande wa kushoto bungeni, kwa sababu ndiko waliko watetezi wa Jamhuri. Mwezi Agosti 1848, baada ya damu ya Juni, wafanyakazi wa Paris walipoasi wakapigwa risasi, walitaka Louis Blanc ashitakiwe. Huyu Blanc ni msoshalisti, fikra zake Bastiat alizipiga kila wiki. Alipigaje kura? Dhidi ya kumshitaki. Kwenye urais wa Desemba akawa upande wa Jenerali Cavaignac dhidi ya Louis-Napoléon, akijua kabisa upepo unavumia wapi.

Halafu Novemba 1849 kuna sheria ya kuwaadhibu wafanyakazi wanaogoma kwa pamoja. Yule mnayemwita mtetezi wa mabepari akasimama akasema mtu mmoja akikataa kazi si kosa, basi iweje kosa wakikataa kumi? Adhibuni vitisho na fujo, si kugoma. Alishindwa. Ufaransa ikaruhusu migomo 1864, na vyama vya wafanyakazi 1884. Ati hakufanikiwa! Alitangulia.

Mzizi Mkavu

Mwana wa Jang'ombe, umenipa silaha mwenyewe. Kushoto wanamwona msaliti wa maskini, kulia wanamwona kiherehere wa Jamhuri. Mwanasiasa asiyekuwa na kundi hata moja la kumpigia makofi anaitwaje?

Mwana wa Jang'ombe

Anaitwa Bastiat. Na watu wa Landes walimchagua tena 1849, kwa hiyo makofi yalikuwepo mahali.

Chawa wa Bajeti

Kuna jambo nimelipenda. Alikuwa anapigania mbunge asiruhusiwe kuwa waziri wala kushika cheo cha serikali. Hoja yake: mbunge akijua uwaziri unapatikana kwa kuiangusha serikali, ataiangusha tu, nchi iungue. Machi 1849 akapeleka pendekezo bungeni, wakamtazama kama anataka kuwanyang'anya sahani. Natamani angepita mitaa fulani ninayoifahamu.

Jua Kali KE

Kwetu Katiba ya 2010 imelimaliza hilo, waziri si mbunge. Tuambieni nyinyi majirani 😄

Daktari Mstaafu

Wote mnazunguka jambo moja bila kuligusa. Mwanasiasa wa zama zile bila sauti alikuwa nani? Ukumbi mkubwa, hakuna kipaza sauti, mamia ya watu wanapiga kelele. Bastiat kifua na koo vilikuwa vimeshaliwa na ugonjwa, kwa maelezo yaliyopo kifua kikuu kilichofika kwenye zoloto. Mara nyingi hakuweza kusema kwenye jukwaa. Ndiyo maana vijitabu vyake vingi maarufu ni vya miaka miwili ya mwisho: hotuba ambazo koo lilikataa kuzitoa, alizichapisha. La Loi, yaani Sheria, ni ya Juni 1850. Wakati huo alikuwa anakufa na anajua.

Vuli ile madaktari wakampeleka Italia. Alipokuwa Pisa akasoma magazetini habari ya kifo chake mwenyewe, ikabidi awaandikie marafiki kwamba bado yupo. Alifariki Roma tarehe 24 Desemba 1850, akazikwa kanisa la San Luigi dei Francesi.

Kwa hiyo nyie mnaopima mafanikio, toeni kwanza miaka ambayo mtu hawezi kuongea.

Nyundo ya Saa Sita

Pole zake, daktari, ila chama cha biashara huria kilikufa kabla koo halijafungwa. Gazeti lake, Le Libre-Échange, lilianza Novemba 1846, mwanzoni mwa 1848 limekwisha. Kilichokiua ni mapinduzi ya Februari. Watu wakiwa barabarani wanadai mkate na kazi, nani anasoma takwimu za ushuru wa chuma? Yeye mwenyewe aliliona hilo, akakimbilia vita nyingine. Akatoa na mchumi mwenzake Molinari gazeti dogo La République française siku zile zile za mapinduzi, na Juni likafuata Jacques Bonhomme la kubandika ukutani, lenye kudai karakana za taifa, zile za serikali za kuwapa kazi wasio na kazi, zivunjwe. Risasi za Juni zikalimaliza.

Kijana wa Darasa

Huyo Molinari si ndiye waliyekubaliana kwamba hata polisi wawe wa kampuni binafsi? Bastiat alikuwa hataki serikali kabisa.

Binti Forodha

Molinari ndiye aliyeandika hivyo, 1849. Bastiat hakumfuata, kwake usalama na haki ndiyo kazi hasa ya dola. Hata ushuru wa forodha hakutaka ufutwe wote, alikubali ushuru mdogo wa kuipatia hazina mapato, alichokataa ni ushuru wa kumkinga mzalishaji. Kijana, hicho kitabu unachosomea kimechapishwa wapi?

Mutu wa Lubumbashi

Bandugu, jambo. Mimi nilisoma uchumi kwa Kifaransa, kutoka sekondari hadi chuo, vitabu vingi vimetoka Ufaransa na Ubelgiji. Bastiat hakuwemo, au yumo mstari mmoja. Nilimjua kupitia Mmarekani mmoja mtandaoni aliyenishangaa: wewe unasoma Kifaransa halafu humjui?

Maelezo yangu: Ufaransa ni nchi iliyojengwa na dola yake. Barabara, shule, reli, yote mkono wa Paris. Mtu anayesema dola ipunguzwe anaonekana kama mgeni nyumbani kwake. Halafu Bastiat alisifia Waingereza, na kule hilo halisamehewi haraka.

Msomi wa Jioni

Inawezekana, lakini Ufaransa haikumsahau mara moja. Mwaka 1878 Mugron walimzindulia mnara, na aliyekwenda kuzindua ni Léon Say, waziri wa fedha. Miaka ile waliberali wa Paris walikuwa na nguvu bado. Kushuka kumekuja baadaye, ushuru wa mwanasiasa Méline wa 1892 uliporudisha ukuta wa kuzuia bidhaa za nje na vyuo vilipochukua mwelekeo mwingine.

Na Wamarekani hawakumpenda tangu mwanzo. Henry Carey wa Philadelphia alimshutumu kwamba amemwibia mawazo ya Harmonies, ugomvi uliomfuata Bastiat hadi kitandani. Umaarufu wa leo umetengenezwa. Mwaka 1946 Henry Hazlitt alijenga kitabu chake chote cha uchumi juu ya lile dirisha, na mwaka huo huo ikaanzishwa FEE, taasisi ya Kimarekani ya kueneza fikra za soko huria, iliyokuja kuisambaza tafsiri ya La Loi. Alipata wasambazaji, basi.

Kasuku wa Bandari

Na wasambazaji hawasambazi kisichosomeka. Wenzake wa Journal des économistes walikuwa wengi, wasomi kuliko yeye. Nani anawasoma?

Kobe wa Tanga

Nimerudi. Mbona hamtaji kwamba biashara huria ilikuja kushinda? 1860, mkataba wa Ufaransa na Uingereza. Cobden upande ule, Michel Chevalier upande huu, wote marafiki wa Bastiat. Si ndiyo mafanikio hayo?

Mzizi Mkavu

Kobe leo umekuja na kiatu sahihi. Ila tazama ulivyopita: Chevalier alimnong'oneza Napoléon wa Tatu, yule yule Louis-Napoléon, mazungumzo yakafanyika kwa siri, Kaisari akasaini bila kuwauliza wabunge maana alijua wangekataa. Bastiat alipoteza miaka sita kuwashawishi watu kwa makala na mikutano. Mwenzake akapata kila kitu kwa mlango wa nyuma wa mtawala ambaye Bastiat alimkataa.

Mwana wa Jang'ombe

Na wa kaskazini hawakuusamehe mkataba ule, ndiyo maana Méline alipata pa kusimama. Mie ningechagua makala.

Mzizi Mkavu

Mimi bado siko huko, lakini uzi umenoga. Mwenye ule mjadala wa Bastiat na msoshalisti Proudhon kuhusu riba anirushie, nasikia ni barua kumi na nne.

Kasuku wa Bandari

Nakutumia inbox. Zilitoka kwenye gazeti la Proudhon mwenyewe, La Voix du peuple, kuanzia mwishoni mwa 1849, na Proudhon yuko gerezani wakati anaandika. Mwanzoni wanabembelezana kama wakwe. Mwishoni Proudhon anamwambia kwamba kisayansi yeye ni maiti, anafunga mjadala.

Chawa wa Bajeti

Mfungwa anamfukuza mbunge gazetini. Hiyo ndiyo Ufaransa ninayoilipia bando.